Kabla ya Kugusa Fimuwea ya Pampu

Kiseke iko Ilemela, juu ya usawa wa ziwa, na hakuna maji ya ziwani yanayofika huko kwa kuteremka yenyewe. Huvutwa kutoka Ziwa Victoria, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matenki yaliyojengwa sehemu za juu, na kutoka hapo ndipo hushuka majumbani. Jiji zima la Mwanza linaishi hivyo. Mtambo wa Capri Point wenye uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na ule wa Butimba uliojengwa miaka ya karibuni kuongeza lita milioni 48, yote miwili iko ufukweni, na sehemu kubwa ya wateja wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wanaishi milimani, katikati ya mawe.

Kwenye mifumo ya namna hii popote duniani kuna jambo ambalo mtu anayefungua bomba hana sababu ya kulifikiria: nani anaiambia pampu ianze usiku wa manane tenki likipungua, na isimame alfajiri likijaa? Zamani alikuwa mtu wa zamu na simu ya mezani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa cha ukubwa wa kitabu, kilichofungwa kwenye reli ndani ya kabati la umeme. Mafundi hukiita PLC. Hapa nitakiita kidhibiti. Kilitokana na hitaji la idara ya Hydra-Matic ya General Motors, Marekani, mwaka 1968, ya kuachana na makabati yaliyojaa relei ambazo kila muundo wa gari ukibadilika zilihitaji kufungwa waya upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084, na siku hizi ni nadra kiwanda kikubwa kujengwa bila vifaa vya jamii hiyo.

Ndani ya kidhibiti kuna programu za ngazi mbili, na wengi wanaotia sahihi bajeti za matengenezo hudhani ni moja. Ya kwanza ni programu ya kazi, ile aliyoiandika mhandisi wa mradi: maji yakishuka chini ya mita mbili washa pampu namba 1, ikipata joto kupita kiasi izime, washa namba 2, piga kengele. Ya pili ni fimuwea, iliyoandikwa na mtengenezaji wa kifaa. Hiyo ndiyo inayokipa kidhibiti uwezo wa kusoma sensa, kuhesabu muda, kuwasiliana na skrini na kuiendesha hiyo programu ya kazi. Programu ya kazi ikiwa na kosa, pampu itafanya jambo lisilotakiwa na fundi atalitafuta kosa. Fimuwea ikiharibika, hakuna tena kidhibiti cha kumsaidia fundi kutafuta chochote.

Kila mwenye simu janja amewahi kuisasisha, na mazoea hayo ndiyo hatari yakihamishiwa kiwandani. Simu ikizimika dakika kumi hakuna anayekosa maji. Kidhibiti kikianza kusasishwa kinaacha kazi, na kwa kawaida matokeo yake yote, yaani ishara zinazotoka kwake kwenda kwenye mitambo, hukatwa: kontakta zinaachia, pampu zinasimama, na valvu za motor hubaki zilipo au hujifunga, kutegemea zilivyofungwa waya. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kusasisha. Ni kama kuna sababu ya kusasisha.

Sababu za kweli zipo. Mtengenezaji hugundua kosa linaloweza kukisimamisha kidhibiti ghafla, akalirekebisha kwenye toleo jipya. Au moduli mpya ya mawasiliano iliyonunuliwa haitambuliwi na toleo la zamani. Siku hizi sababu inayotajwa zaidi ni usalama wa mtandao. Oktoba 2022 Siemens ilitangaza udhaifu uliogunduliwa na watafiti wa kampuni ya Claroty: ufunguo wa siri uliokuwa ukilinda vidhibiti vya S7-1200 na S7-1500 ulikuwa wa pamoja kwa familia nzima, hivyo aliyeupata kwenye kifaa kimoja aliweza kuutumia kwenye vingine. Tiba ilikuwa kupanda hadi toleo 4.5 kwa S7-1200 na 2.9.2 kwa S7-1500. Hata hivyo, kubadili fimuwea peke yake hakukutosha. Ilibidi programu ya kazi nayo ihamishiwe kwenye njia mpya ya ulinzi kwa kutumia toleo jipya la programu ya uhandisi. Aliyebadili kimoja akaacha kingine, alitumia usiku wake bure.

Kuna tukio lingine linalowahusu moja kwa moja watu wanaoishi kwa maji ya kupandishwa. Tarehe 25 Novemba 2023, huko Aliquippa, Pennsylvania, skrini ya kituo kidogo cha kuongeza msukumo wa maji ilionyesha ujumbe wa wavamizi. Kidhibiti chake, cha kampuni ya Unitronics, kilikuwa kinafikika kutoka intaneti, na vifaa vya aina hiyo vilitoka kiwandani na nywila ya 1111. Wafanyakazi wakakitenga, wakaendesha pampu kwa mkono, na wateja hawakukosa maji. Mwezi uliofuata mtengenezaji alitoa toleo jipya la programu linalomlazimisha mtumiaji kubadili nywila hiyo. Hapo naona mambo mawili. Kusasisha kulikuwa na maana, ndiyo, lakini kilichookoa maji ya siku ile ni swichi ya mkono na watu waliojua kuitumia.

Na fimuwea yenyewe inaweza kuwa silaha. Desemba 23, 2015, wavamizi walioingia kwenye mifumo ya makampuni ya umeme ya Ukraine walikata umeme kwa wateja wapatao 225,000. Kisha wakaandika takataka juu ya fimuwea ya vifaa vya mawasiliano kwenye vituo vya kupozea umeme, ili vishindwe kupokea amri kutoka mbali. Vifaa hivyo havikurekebishika kwa kompyuta; mafundi walilazimika kuendesha magari hadi vituoni na kurudisha swichi kwa mikono. Yeyote anayeweza kusasisha fimuwea ya kidhibiti chako anaweza pia kukiua. Ndiyo maana faili la toleo jipya halipokelewi kwa WhatsApp wala kwa flashi inayozunguka mafundi. Linapakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na alama yake ya uhakiki inalinganishwa na ile iliyochapishwa hapo, herufi kwa herufi.

Nikiulizwa ushauri, kidhibiti ambacho hakijaunganishwa na mtandao wowote, hakina kosa lililothibitishwa na kinafanya kazi yake, nitakiacha na toleo lake. Nitaandika toleo hilo kwenye daftari, nitaweka cha akiba kabatini, na nitaendelea na mambo mengine. Chenye modemu na laini ya simu ili mkandarasi akifikie kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni habari nyingine. Hicho kwanza kiondolewe kwenye intaneti ya wazi, kipitishiwe VPN, nywila ya kiwandani ibadilishwe, na swichi yake ya ufunguo, kama ipo, igeuzwe kwenye hali ya kuendesha na ufunguo ukae kwa msimamizi. Mwaka 2017 kwenye kiwanda kimoja cha kemikali Saudi Arabia, wavamizi waliweza kuingiza programu yao kwenye vidhibiti vya usalama kwa sababu ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye hali ya kupokea programu. Nyingi ya hatua hizi hazisimamishi pampu, na zinampa mhandisi muda wa kupanga usasishaji kwa utulivu badala ya kukurupuka. TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hutoa tahadhari kuhusu udhaifu wa mifumo. Mhandisi wa mitambo anapaswa kuzisoma kama anavyosoma taarifa za kukatika umeme.

Tuseme sasa uamuzi umepita, toleo jipya linahitajika. Kazi kubwa iko kabla ya usiku wenyewe wa kusasisha.

Mahali ambapo usasishaji mwingi hufa ni kwenye nakala rudufu. Mkandarasi aliyejenga mradi huacha faili la programu ya kazi kwenye sidii au kompyuta, na watu hudhani hiyo ndiyo nakala. Fungua kidhibiti, kilinganishe na faili hilo, utaona tofauti. Tuseme kiwango cha kuwashia pampu kiliandikwa mita 2.0 siku ya makabidhiano. Opereta akakipandisha hadi 2.6 kwenye skrini baada ya wateja wa juu kulalamika. Muda wa kusubiri kabla ya kuanza pampu ya pili ulikuwa sekunde 30, fundi akaufanya 90 kwa sababu umeme ulikuwa unashuka pampu zote zikianza pamoja. Sensa ya msukumo ilibadilishwa na kipimo chake kikarekebishwa. Kuna saa za kazi za kila pampu, zinazoamua lini mafuta yabadilishwe, na jumla ya lita zilizopita kwenye mita. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kwenye faili la mkandarasi. Vinaishi ndani ya kidhibiti tu, na baadhi ya usasishaji huvifuta. Kwenye familia ya Logix ya Allen-Bradley, kwa mfano, kupandisha fimuwea hufuta programu ya kazi kwenye kidhibiti, na programu hiyo inapaswa kubadilishwa ilingane na toleo kuu jipya kabla ya kurudishwa. Kwa hiyo pakua programu kutoka kwenye kidhibiti chenyewe, pakua na thamani zake za sasa, kisha piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwenye skrini. Picha za simu zimewahi kuokoa mitambo mingi. Zichapishe pia kwenye karatasi, kwa sababu kompyuta yenye picha hizo inaweza kuwa ndiyo itakayogoma usiku huo.

Soma namba ya oda iliyochapishwa ubavuni mwa kifaa, yote, pamoja na namba ya toleo la vifaa vyake vya ndani. Vidhibiti viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuhitaji mafaili tofauti. S7-1200 za kizazi cha toleo la 3 haziwezi kupandishwa kuwa toleo la 4 kwa faili lolote. Hapo ni kununua kifaa kipya na kuhamisha programu. Soma pia maelezo ya toleo hadi mwisho, hasa sehemu ya mambo yaliyobadilika tabia. Skrini, inveta za pampu na moduli za mbali zinazungumza na kidhibiti hicho, na kila moja ina fimuwea yake. Hakikisha zitaendelea kuelewana.

Kisha jaribu mezani. Nunua kidhibiti cha pili cha aina ileile, kipandishe toleo, kipakie programu ya kazi, kifungie swichi chache za kuigiza kuelea kwa maji, uone kama kinafanya maamuzi yaleyale. Mameneja huona gharama ya kifaa hiki kuwa kubwa hadi siku wanapokihitaji, na watakihitaji, kwa sababu baada ya majaribio kinabaki kuwa ndicho cha akiba. Mwongozo wa kimataifa wa IEC 62443-2-3, uliotolewa mwaka 2015 kuhusu kusasisha mifumo ya viwandani, unasisitiza majaribio kabla ya kugusa mtambo unaofanya kazi. Sijaona sababu ya kulipuuza hilo Mwanza.

Umeme nao una mambo yake kwenye pwani hii. Kidhibiti kikikatikiwa umeme katikati ya kuandika fimuwea, kinaweza kubaki na nusu ya toleo jipya na bila la zamani. Baadhi ya vifaa huhifadhi matoleo mawili na kujinusuru. Vingine lazima virudi kwa mtengenezaji. Kwa hiyo chanzo cha volti 24 kinachokilisha kidhibiti kiwe kwenye UPS yenye betri iliyopimwa wiki hiyo kwa mzigo halisi, siyo kwa kuangalia taa yake ya kijani. Laptopu iwe kwenye betri iliyojaa, na isijizime wala isianze kujisasisha yenyewe. Jenereta ya kituo iwe imewashwa na kujaribiwa siku hiyo.

Halafu kuna radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye dhoruba nyingi za radi duniani, na tofauti na nchi kavu, ambako radi nyingi hupiga alasiri, hapa juu ya maji dhoruba hukua usiku, upepo wa pwani zote unapokutana katikati ya ziwa, na kuendelea hadi asubuhi. Mhandisi aliyejifunza kwingine atachagua usiku kwa sababu matumizi ya maji ni madogo, na hatajua kwamba kwa mvua za Machi hadi Mei amechagua saa za radi. Mimi ningepanga kazi hii Juni au Julai, wakati anga limetulia na visima bado havijapungua kiasi cha kuwarudisha watu wote kwenye bomba. Ningeangalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni ya siku hiyo, na ningeahirisha bila aibu kama wingu limefunga upande wa ziwa.

Muda wa kazi nzima unapimwa kwa maji yaliyomo tenkini. Chukua mfano wa tenki la lita milioni 1. Saa sita usiku lina asilimia 80, yaani lita 800,000, na hatutaki lishuke chini ya lita 300,000, kwa ajili ya zimamoto na hospitali. Tuna lita 500,000 za kutumia. Kama mtaa unakunywa lita 50,000 kwa saa hadi saa kumi na moja alfajiri, zitakuwa zimeondoka 250,000. Kuanzia hapo watu wanaamka, wanaoga, wanaosha vyombo, matumizi yanafika lita 150,000 kwa saa, na zile 250,000 zilizobaki zinaisha kwa saa moja na dakika 40. Maana yake saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi lazima pampu iwe inasukuma. Rudi nyuma kutoka hapo: saa mbili za kufunga kidhibiti cha akiba na kukijaribu iwapo mambo yataharibika, na saa moja ya kulijaza bomba taratibu. Ongeza muda wa dharura. Ukishazitoa hizo utaona kwamba kama kidhibiti hakijarudi kazini saa tisa usiku, juhudi za kukifufua zinaachwa, cha akiba kinafungwa, na mjadala unafanyika kesho. Saa hiyo ya kukata shauri iandikwe kwenye karatasi na itiwe sahihi mchana, watu wakiwa hawajachoka. Saa tisa usiku kila fundi huamini kwamba jaribio moja zaidi litafaulu.

Pampu iweze kuendeshwa kwa mkono wakati wote huo. Geuza swichi ya kabati kutoka otomatiki kwenda mkono siku moja kabla, uone kama pampu inaanza kweli. Na hapa kuna mtego: kwenye makabati mengi kinga ya pampu kutokimbia kavu, na ile ya kuzuia tenki kufurika, imo ndani ya programu ya kidhibiti. Kidhibiti kikizimwa, kinga hizo nazo zinazimika. Kama hakuna swichi ya kuelea iliyofungwa waya moja kwa moja kwenye mzunguko wa kontakta, basi awepo mtu tenkini na mwingine kwenye chanzo, wenye simu za upepo, kwa muda wote pampu inapoendeshwa kwa mkono.

Tendo lenyewe ni fupi. Kwenye S7-1200, kwa mfano, unatayarisha kadi ya kumbukumbu ya mtengenezaji huyohuyo. Kadi ya simu haifanyi kazi, na kadi yao ukiifomati kwa Windows unaiharibu. Unaichomeka, kidhibiti kinakwenda kwenye hali ya kusimama, taa ya matengenezo inawaka na kuzima. Unakata umeme wake, unaurudisha. Taa ya hali ya kazi inaanza kupokezana kijani na njano: hapo fimuwea inaandikwa, na hakuna anayegusa kitu, hata mlango wa kabati. Ikitulia kwenye njano na ile ya matengenezo ikiendelea kupepesa, imemaliza. Unachomoa kadi, unakata umeme na kuurudisha tena. Ukiisahau kadi ndani, kidhibiti hakitakubali kuanza kazi.

Taa ya kijani si mwisho wa kazi. Pitia kila ingizo na kila tokeo: bonyeza kitufe cha dharura, pampu isimame, inua kuelea kwa mkono, kengele ya kufurika ilie, funga valvu ya kuvuta, kinga ya kukimbia kavu ifanye kazi. Linganisha kila thamani na zile picha ulizochapisha. Anza pampu na valvu ikiwa wazi kidogo, maana bomba lililopungua maji likijazwa kwa kasi huleta kishindo kinachopasua maungio, na bomba lililopasuka mtaani litalaumiwa kwa uchakavu kumbe chanzo ni usiku ule. Kaa na mtambo hadi upite walau mzunguko mmoja kamili wa kujaa na kupungua kwa tenki. Andika toleo jipya, tarehe na jina la aliyefanya ndani ya mlango wa kabati.

Viwanda vya minofu ya sangara vilivyoko jijini vinakabiliwa na jambo hilohilo kwa sura nyingine. Vyumba vya baridi vya nyuzi 18 chini ya sifuri vina muda wake wa kuvumilia kama tenki lilivyo na wake, na kumbukumbu za halijoto ndizo zinazomridhisha mnunuzi wa Ulaya. Zipakuliwe zote kabla ya kugusa kidhibiti.

Kwa wanaoandika zabuni za mitambo, kuna mambo ya kudai mapema, kwa sababu baada ya makabidhiano hayapatikani tena kwa bei nzuri. Dai programu ya kazi isiyofungwa, pamoja na nywila zote. Dai leseni ya programu ya uhandisi kwa jina la taasisi, siyo la mkandarasi. Dai kidhibiti kimoja cha akiba kwa kila aina, na swichi za kuelea zilizofungwa waya nje ya kidhibiti. Mamlaka isiyo na nywila za mitambo yake haiwezi kusasisha chochote salama; itakuwa inaomba.

Na kwa msomaji wa Kiseke, Nyasaka au Buswelu: ukitangaziwa kwamba maji yatakatika usiku mmoja kwa matengenezo ya mfumo wa pampu, jaza ndoo zako mapema, na uwaache mafundi wamalize majaribio yao kabla ya kuanza kupiga simu za kuwahimiza wafungue.